Kamba Tu, Usifungue Kiganja

"Kamba tu. Usifungue kiganja."

Hayo ndiyo maneno aliyoyaandika baba yake kwenye kipande cha karatasi, akakiweka juu ya glovu yake, na glovu akaiacha juu ya meza ya kazi ya Chisato asubuhi na mapema bila kumwamsha. Sasa jamani, mwambie mtu asifungue kitu, halafu uone kama atatulia.

Onodera Chisato alikuwa na miaka ishirini na sita, na minane kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akishona ngozi katika duka la vifaa vya michezo nyuma ya kituo cha treni cha Okayama. Wachezaji wote wa timu ya besiboli ya Korongo walikuwa wamepitia mikononi mwake, huyu kamba imekatika, yule kidole kimechanika. Baba yake peke yake, mdakaji wa mazoezi wa timu hiyo, ndiye ambaye hakuwahi kumruhusu kuigusa glovu yake. Mdakaji hufunga kamba zake mwenyewe, alikuwa akisema, kama mtu anavyopiga mswaki wake mwenyewe. Leo imekuwaje?

Ilikuwa sikukuu ya vuli, siku ya kuzuru makaburi, na duka lilikuwa limefungwa. Shangazi Fumie alikuwa jikoni akifinyanga mabumba ya wali wa kunata na kuyapaka maharagwe matamu, mengine ya marehemu, mengine ya walio hai. Mdomo wake haukuwa na sikukuu.

"Picha ya yule kijana wa benki niliyekutafutia bado ninayo mkobani," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Mtu anashika kalamu tangu asubuhi mpaka jioni. Hajawahi kuumia hata kucha."

"Shangazi, tena?"

"Tena na tena, mpaka usikie. Huyo zimamoto wako, siku akiungua yeye, nani atamzima?"

Zimamoto ndilo jina walilopewa warushaji wa aina ya Kuwabara Seiji. Hawaanzi mechi. Hukaa pembeni wakipasha mkono, na mambo yakiharibika zamu za mwisho, wakimbiaji wa wenzao wamejaa vituoni na watu wameshika vichwa, ndipo huitwa kuja kuuzima moto ambao wala hawakuuwasha wao. Seiji alikuwa zimamoto wa Korongo, na mpira wake ulikuwa na kasi hata wapigaji walisema wanausikia kabla ya kuuona. Tena alikuwa wake Chisato, ingawa hilo lilikuwa bado halijapata baraka ya mtu yeyote katika nyumba ile.

Chisato alikata kamba ya kwanza, akainyanyua glovu aipime mkononi. Ilikuwa nyepesi. Akaipima tena. Glovu ya mdakaji ni kama mto mdogo, ngozi mbili nene na katikati sufu iliyoshindiliwa ili mkono usivunjike. Hii ilikuwa nyepesi kama viatu vya mtoto. Akaitazama ile karatasi, akachukua sindano nene na kufumua kiganja.

Ndani hamkuwa na kitu. Sufu yote ilikuwa imetolewa.

Aliingiza mkono wake wa kushoto, akachukua nyundo ya mbao na kuigonga kiganjani kidogo tu. Paa! Sauti ilijaa chumba kizima, kali na tamu, na maumivu yakampanda hadi begani. Aliuma midomo asipige kelele.

"Umevunja nini huko?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna, Shangazi."

Alikaa pale na glovu mapajani, na mambo ya mwezi mzima yakaanza kumrudia. Baba yake, ambaye Chisato alipokuwa mtoto alimchapa vidole kwa kula bila kunyanyua bakuli, siku hizi alikuwa akiliacha bakuli mezani na kuliinamia. Chisato alidhani ni uzee. Loo, uzee gani unaoingia mkono mmoja?

Baba yake, Mzee Onodera Kanzo, hakuwahi kucheza mechi hata moja. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ndani ya timu ilikuwa kuchuchumaa pembeni na kudaka mipira ya mrushaji anayejiandaa. Watu waliopita njia wangeweza kuiona kazi ndogo, lakini mdakaji wa aina hiyo ndiye anayemtoa mrushaji hofu, kwa sababu glovu yake lazima ilie. Ikilia vizuri, mrushaji anauamini mkono wake. Isipolia, anaingia uwanjani ameshakufa nusu. Mwaka ule wa 1976 uwanja wao ulikuwa bado hauna mashine ya kupima kasi, kwa hiyo sauti ya glovu ndiyo iliyokuwa mizani.

Na mwezi wa nane, Chisato alikumbuka, Seiji alikuwa amepigwa vibaya mechi tatu mfululizo. Alikuwa haongei, hali. Kisha ghafla akafufuka. "Sauti imerudi, Chisa!" alimwambia kwenye daraja la mto Asahi, akicheka kama mtoto. "Mzee akidaka mpira wangu, hata mbwa wa jirani wanakimbia!" Tangu siku hiyo alikuwa ameokoa mechi tisa.

Chisato alisimama. Akaibeba ile glovu hadi kwa baba yake.

* * *

Baba yake alikuwa amepiga magoti mbele ya kimadhabahu cha nyumbani, ubani unawaka, picha ya marehemu mkewe ikimtazama. Chisato aliiweka glovu iliyofumuliwa juu ya mkeka, katikati yao.

Mzee aliitazama, akashusha pumzi. "Kusoma hujui siku hizi?"

"Nionyeshe mkono wako, Baba."

"Mkono upo."

"Wa kushoto. Nionyeshe."

Mzee aliuficha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Chisato aliufuata, akaushika kifundo na kuufungua taratibu. Kiganja kilikuwa kimevimba, zambarau kikielekea weusi, na kidole cha shahada hakikukunjika.

"Jamani, Baba! Kwa nini?"

"Usipige kelele, Fumie atasikia." Mzee aliinama. "Alikuwa amepoteza imani, mwanangu. Mimi nimedaka warushaji zaidi ya mia, nawajua. Mpira wake ulikuwa umeshuka kidogo, kidogo tu, uchovu wa msimu. Lakini alipousikia unalia vibaya akaingiwa na woga, na woga ndio uliomfanya apigwe. Nikasema, nikitoa sufu, glovu italia. Akisikia inalia, ataamini. Na akaamini! Mechi tisa, Chisa. Mkono wangu mimi ni wa nini? Ni wa kudakia tu."

Chisato alikuwa na siri yake mwenyewe, ameapa kuitunza, na sasa ilikuwa imemkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Jumanne iliyopita Seiji alikuwa amesimama kando ya mto akijaribu kufunga kifungo cha juu cha shati lake. Mkono wa kulia ulipanda hadi kifuani ukakwama. Akajaribu tena. Kiwiko hakikukunjika zaidi ya pale. Chisato alimfungia, na akagundua kwamba kile kiwiko kilikuwa cha moto kama birika. Seiji alimshika bega kwa mkono wa kushoto. "Niapie hutamwambia Mzee. Zimebaki mechi kumi na mbili. Niapie, Chisa, ama sivyo kila kitu kimekwisha."

Aliapa, maana alijua "kila kitu" ni nini. Mwezi wa saba Seiji alikuwa amekuja nyumba hii amevaa suti nyeusi, amebeba sanduku la mapichi meupe kwa mkono wa kushoto. Alipiga magoti akamwomba Mzee binti yake. Mzee hakumtazama hata usoni. "Simwozi binti yangu kwa mkono," alimjibu. "Mkono ukiharibika atabaki na nini? Njoo msimu ukiisha, jezi ikiwa bado mgongoni mwako. Hapo tutazungumza."

Sasa afanye nini? Akisema, anamkosa Seiji. Akinyamaza?

"Baba," alisema. "Si uchovu."

"Nini si uchovu?"

"Kiwiko chake hakikunjiki. Hawezi kujifunga shati. Chai anakunywa kwa mkono wa kushoto. Usiku anaufunga mkono kwa taulo la moto ili asubuhi uweze kufunguka. Nimemwapia nisikwambie."

Uso wa Mzee ulizeeka mbele ya macho ya binti yake. Majivu ya ubani yalidondoka, naye akayatazama mpaka yakazimika.

"Tangu lini?" aliuliza hatimaye.

"Anasema mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane." Mzee alijipiga paja kwa ule mkono mbovu, na maumivu yakamkunja uso. "Ee mke wangu, nimefanya nini! Mwili ulikuwa unamwambia pumzika, mimi nikawa namwambia rusha. Kila siku. Mipira themanini, mia, na mimi nampigia makofi kwa glovu tupu!"

"Hukujua, Baba."

"Na wewe ulijua! Ungesema neno moja tu!"

"Na wewe ungesema neno moja kwangu!"

Walitazamana, wote wawili machozi yakiwalenga. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kitu kuhusu wale wanaomsaidia kuyaficha.

"Leo watamwita," Mzee alisema polepole. "Amerusha jana na juzi. Tumeachwa nafasi ya pili kwa mechi moja tu, Kocha hatamwonea huruma mtu. Akirusha leo kwa kiwiko hicho, kile kitu cha ndani kitakatika. Nimewaona waliokatika. Mmoja anauza tambi mjini Kurashiki, na kijiko anakishika kwa kushoto."

"Mwambie basi!"

"Nimwambie kwa mdomo atabisha. Atasema mbona inalia? Nikienda kwa Kocha nitakuwa nimemuuza." Mzee alifungua droo ndogo chini ya picha ya mkewe, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso. Ilikuwa ile sufu. Alikuwa ameihifadhi pale, na bila shaka kila asubuhi alikuwa akiiombea msamaha. "Mrushaji habishani na glovu. Shona."

Chisato alishona. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kutetemeka mbele ya ngozi, siku hiyo vilijichoma mara mbili. Baba yake alikaa kando yake, akimpa kamba moja baada ya nyingine.

"Baba," aliuliza bila kuinua kichwa. "Na akivua jezi?"

Mzee aliichukua glovu, akaipiga ngumi mara moja kuisikiliza, akatoka.

* * *

Mechi ilianza saa saba na nusu mchana. Chisato alikaa safu ya kwanza upande wa kushoto, hatua chache tu kutoka kwenye ukanda wa kupashia mikono. Kilichomtenga na ukanda ule kilikuwa wavu wa chuma. Mapajani alikuwa na kifurushi cha yale mabumba ambacho Shangazi alikuwa amemtwika akisema, "Mpelekee huyo mtu wako, asije akasema nyumba yetu ina wachoyo."

Kila mara mrushaji mwingine alipopasha mkono, Chisato alimshukuru Mungu. Kila mara Kocha alipoinuka kwenye benchi, aliyafumba macho. Korongo waliongoza mabao matatu kwa mawili. Zamu ya sita ikapita. Ya saba ikapita. Labda hawatamhitaji, alijiambia. Labda wataongeza mawili matatu, twende zetu nyumbani.

Zamu ya nane wapinzani waliweka mkimbiaji kituo cha kwanza, kisha mwingine kituo cha pili. Kengele ya simu ya ukandani ikalia.

Seiji alisimama. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na hata katika joto lile alikuwa amevaa fulana ya mikono mirefu chini ya jezi. Alimwona Chisato nyuma ya wavu, akamkonyeza. Jamani lile konyezo! Lingeweza kumyeyusha siku nyingine yoyote. Siku hiyo alitamani kukimbia.

Miaka miwili walikuwa wametembea pamoja, na miaka yote miwili Chisato alikaa upande wake wa kushoto. Mkono wa kulia wa Seiji hakuwahi kuushika. Seiji mwenyewe hakuulalia, hakuubebea kitu, hata gazeti. "Huu si wangu, Chisa," alikuwa akimwambia, nusu utani. "Huu ni wa kazi. Mimi nimebaki na huo mwingine."

Mzee Onodera alichuchumaa. Seiji alivuta pumzi, akajikunja, akarusha.

Bup.

Ilikuwa sauti ya mtu anayedondosha begi la nguo. Seiji alisimama mguu mmoja ukiwa bado mbele.

"Mzee, umedaka vibaya."

"Rusha tena," Mzee alisema.

Bup.

"Umeishikaje leo?"

"Kama siku zote. Rusha."

Alirusha kwa nguvu zake zote, na safari hii Chisato alimwona akikunja uso mpira ulipomtoka. Bup. Uwanja ulikuwa ukipiga kelele, ngoma na tarumbeta za mashabiki zikivuma, lakini Chisato alisikia ile sauti moja tu. Seiji aliutazama mkono wake. Akamtazama Mzee. Kisha, pole pole, akageuka kumtazama yeye, fundi wa ngozi, na akaelewa.

Alikuja hadi kwenye wavu. "Umefanya nini kwenye glovu?"

"Nimerudisha sufu," Chisato alisema. "Baba alikuwa ameitoa."

"Lini?"

"Mwezi wa nane."

Alimwona akihesabu kichwani. "Mechi tisa," alisema Seiji. "Mechi zote tisa?"

"Ulizishinda wewe, Seiji."

"Usinidanganye na wewe!" Aliupiga wavu kwa mkono wa kushoto hadi kifurushi kikaanguka kutoka mapajani mwa Chisato. "Nilikuwa nasikia ngozi tupu nikidhani ni mkono wangu! Na Mzee anajua habari ya kiwiko? Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Uliniapia!"

"Niliapa, na nimekiuka, na ningekiuka tena!" Chisato alikuwa amesimama, machozi yanamtoka mbele ya watu, hajali. "Unataka nikae hapa nitazame ukikatika? Nisubiri nikulishe kwa kijiko ndipo niseme nilitunza ahadi?"

"Nikikosa leo, Mzee hawezi kunipa wewe. Unalijua hilo? Nafanya haya yote kwa ajili ya nani?"

"Mimi sikukuomba mkono! Niliomba nini kwako siku zote hizi? Niambie kitu kimoja nilichokuomba!"

Mzee Onodera alikuwa amewafikia, ameivua glovu. Aliuinua mkono wake wa kushoto, ule uliovimba, akaufungua mbele ya uso wa kijana kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Seiji aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. Hasira ilimtoka usoni yote.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono wako."

"Utapona. Wangu ni mifupa tu." Mzee alikohoa. "Nilikwambia simwozi binti yangu kwa mkono. Nilisema hivyo, au sikusema?"

"Ulisema, Mzee."

"Kumbe aliyeupenda mkono kuliko mtu ni mimi. Sikukuuliza hata siku moja unaumwa wapi. Nilisikiliza sauti tu." Aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu."

Katika miaka sita Mzee alikuwa amemwita Kuwabara, wewe, na siku akifurahi sana, kijana. Hilo neno halikuwahi kumtoka. Seiji alilisikia. Chisato pia alilisikia, akashika wavu kwa vidole vyote kumi.

"Kuwabara!" Kocha alikuwa amesimama kwenye ngazi za benchi, mkono juu. "Njoo uzime hapa! Umelala?"

Umati ulipolisikia jina ulilipuka. Ku-wa-ba-ra! Ku-wa-ba-ra! Elfu ishirini wakiliimba na ngoma nyuma yao. Seiji aliinua uso akaliangalia lile jina lake likizunguka uwanja, na Chisato aliiona njaa machoni mwake, akaogopa kuliko alivyoogopa siku nzima. Ataenda, alijiambia. Huyu ataenda.

Seiji alianza kutembea. Hatua tano, kumi, akaufikia mstari mweupe. Pale alisimama. Alivua kofia, akainama mbele ya Kocha hadi mgongo ukalala kama meza.

"Samahani sana, Kocha. Kiwiko changu kimeharibika. Nimekificha mwezi mzima. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kurusha."

"Ebo! Unaniambia sasa? Wawili wako vituoni unaniambia sasa?" Sauti ya Kocha ilisikika mpaka safu ya kumi. "Toka mbele yangu! Nenda, na jezi uivue ukifika ndani!"

Seiji alibaki ameinama mpaka Kocha alipogeuka. Aliingia mrushaji mwingine, kijana aliyekuwa mwaka wake wa pili tu, rangi imemtoka. Mpira wake wa nne ulipigwa. Watu waliufuata kwa macho ukipaa juu ya ukuta wa kulia, na uwanja mzima ukatoa sauti moja, kama pumzi ya mgonjwa. Mpigaji na wale wakimbiaji wawili wakarudi wote, ikawa matano kwa matatu ya Korongo, na hivyo ndivyo ilivyokwisha. Mtu wa safu ya juu alitupa chupa. Mwingine alipaza sauti, "Zimamoto mwoga!"

Chisato aligeuka amtafute nani kasema, ampe lake. Lakini watu walikuwa wanatoka, na hakumwona.

* * *

Aliwasubiri nje ya mlango wa wachezaji, chini ya kivuli cha ukuta, kifurushi mkononi. Ilipita nusu saa. Alishajiambia mambo yote mabaya: amemchukia, amepanda treni, ametoka mlango mwingine.

Walitoka pamoja. Baba yake alikuwa na glovu kwapani na kitambaa kimezungushwa mkono wa kushoto. Seiji alikuwa amevaa shati jeupe, kifungo cha juu kiko wazi. Jezi hakuwa nayo.

"Daktari anasema hajui," Seiji alimwambia kabla hajaulizwa. "Labda watapasua. Labda nitarusha tena, labda sitarusha. Hajui."

"Sawa," Chisato alisema.

"Na jezi wamechukua."

"Nimeona."

Walisimama hivyo, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake. Mzee Onodera alitazama jua, akatazama kile kifurushi.

"Fumie kafinyanga mabumba ya kulisha kijiji," alisema. "Na makaburini hatujaenda. Twendeni kabla jua halijashuka." Akatangulia hatua mbili, kisha akasema bila kugeuka, "Na wewe pia. Mama yake hajakuona bado."

Seiji aliinama kwa ule mgongo wa Mzee uliokuwa ukienda zake, akainama mno, hata akakaribia kuanguka.

Chisato alijifuta macho, akaenda upande wake wa kushoto kama kawaida, waondoke. Seiji alitikisa kichwa. Alimzunguka akaja upande mwingine, kisha akamnyooshea mkono wa kulia. Haukunyooka wote. Uliishia nusu ya njia, umepinda.

Chisato aliugusa kwa vidole viwili kwanza, akiogopa kuuumiza. Ulikuwa wa moto, mzito, na kiganja kilikuwa kigumu kama ngozi anazoshona kila siku.

"Shika tu," Seiji alisema. "Sasa ni wangu."